Dole Gumba Langu Kwenye Faili la Ndugu Yako

9 Februari

Wifi,

Kabla hujauliza: mimi mzima. Goti la kulia linanitii, la kushoto lina mambo yake. Nakuandikia kwa mkono wangu, kwa hiyo soma taratibu, na ukikuta herufi imelala chali jua imechoka kama mwenyewe. Ningepiga simu, lakini sikio lako na simu havielewani. Mara ya mwisho nilikwambia nimeuza kabati, ukasikia naugua, ukanipa pole dakika nzima.

Huku wote wanakusalimu. Mjukuu wetu wa mwisho ameota meno mawili ya chini na ameshanionjesha. Fundi viatu wa jirani amepata mchumba, tunamwombea mchumba. Kofia ya ndugu yako bado iko kwenye msumari pale mlangoni. Kila Ijumaa naipangusa vumbi, halafu naigombeza, kwa sababu mwenyewe hayupo na nimeshazoea kugombeza kitu kila Ijumaa.

Sasa nikueleze jambo. Tangu ndugu yako atuache ile tarehe ishirini Novemba, pensheni yake imekatika kama bomba lililofungwa koki. Nilidhani watanionea haya angalau mwezi mmoja. Vyumba hivi viwili na kibaraza vililipwa na pensheni hiyo. Mwanangu mkubwa, ambaye ni mwanao pia, anasema fedha zake zinatosha kunilisha, hazitoshi kunilipia kodi, na kama serikali haijanipa kitu hadi mwisho wa mwaka atanichukua nikaishi kwake. Wifi, mwanangu ananipenda, mkewe ananipenda, nami nawapenda. Ndiyo maana sitaki kuhamia kwao. Mapenzi ya namna hiyo yanahitaji safari ya basi katikati.

Ameniletea fomu ya kurasa nane, "Mafao ya Mjane na Wategemezi". Nikamuuliza mtegemezi ni nani, akaninyooshea kidole. Mimi? Mwanamume ambaye hadi anakufa alikuwa hajui soksi zake zinakaa wapi, leo mimi ndiye niliyemtegemea? Wewe ulikuwa mpiga chapa wa idara ile ile ya maji aliyofanyia kazi, miaka yote unaandika barua za wakubwa. Niambie serikali inataka nini kwangu.

Wifi yako.


2 Machi

Wifi,

Barua yako imefika, herufi zote zimefika pia, hata zilizolala. Mimi sijambo. Binti yangu amenibadilishia miwani, sasa naona vizuri jinsi nyumba yake ilivyo chafu.

Neno mtegemezi lisikuumize. Serikali ina maneno machache na watu wengi, kwa hiyo kila anayebaki nyuma humwita hivyo. Nitakueleza, na usinikatize.

Mstaafu akifa, pensheni yake inasimama mwezi huohuo. Haijakuonea. Nusu yake ni haki ya mke, kila mwezi, hadi mke naye afe au aolewe tena. Watoto wanahesabiwa wakiwa chini ya miaka kumi na minane, au wakiwa na ulemavu unaowazuia kufanya kazi. Mwanao mkubwa ana miaka thelathini na minane na kitambi. Hahesabiwi, hata kama bado anakuja kula kwako kila Jumapili.

Lakini nusu hiyo haikufuati nyumbani, unaifuata wewe. Unatakiwa kuiomba ndani ya miezi kumi na miwili tangu kifo. Ikipita hapo ombi linapelekwa kwenye kamati, na nimewahi kuchapa kumbukumbu za kamati hiyo. Wanaanza kwa kuahirisha.

Cheti cha kifo unacho. Cheti cha ndoa hamkuwa nacho, mlioana mbele ya wazee na wazee hawatoi risiti. Basi wataangalia kwenye faili la ndugu yangu yeye na wewe mmeandikwa vipi. Kila kitu kiko kwenye faili. Jaza, nenda, dai.

Msalimie mwanao na kitambi chake.

Wifi yako.


28 Aprili

Wifi wangu wa mbali,

Salamu nyingi, na samahani kwa kuchelewa. Mvua ilikuwa kubwa, kibaraza kiligeuka mto, nikalala nimezungukwa na masufuria kama muuza vyombo. Mtoto wa meno sasa ana manne. Uchumba wa fundi viatu umevunjika, tunampongeza mchumba.

Kuhusu fomu, naendelea nayo. Nilipiga picha ndogo zile wanazotaka. Nimetoka kama mtu anayetafutwa na zawadi ikatajwa. Mpiga picha akaniambia, "Bibi, legeza uso." Nikamwambia, "Uso huu nimeukaza tangu kabla mama yako hajazaliwa, ukilegea utaanguka." Kwa hiyo lazima nirudie picha, na kurudia picha kunataka gauni la bluu, na gauni la bluu limebana tangu msiba, kwa sababu watu wakija kukufariji wanakuletea vyakula na mimi si mtu wa kuwavunja moyo.

Fomu inauliza pia kama nimeolewa tena. Nimemwambia mwanao aandike kwamba waombaji bado hawajajitokeza.

Nina swali dogo tu, si la maana. Yale mafaili ya zamani, ya miaka thelathini nyuma, bado wanayo kweli? Mchwa hawajapita? Nasikia ofisi ile ilihama mara mbili. Nauliza tu.

Wifi yako.


19 Mei

Wifi,

Mimi mzima. Wanayo. Mchwa wa serikali wanakula viti, hawali mafaili. Faili la ndugu yangu liko sawasawa, usiwe na shaka. Picha mbaya inakubaliwa, mimi yangu ya kitambulisho ni mbaya na nalipwa. Vaa gauni lolote linalofunga.

Wifi yako.


30 Agosti

Wifi,

Najua. Miezi mitatu na siku kumi na moja, na wewe umehesabu, kwa sababu wewe ni mtu wa kuhesabu. Usiniandikie ukali, ukali ninao wa kutosha hapa nyumbani, tena nauzalisha mwenyewe.

Habari za huku: mwenye nyumba ameniheshimu miezi mingi, sasa heshima inamwisha. Amekuja mara mbili kunijulia hali, na mara zote mbili ameijulia hali kodi. Mwanao naye alikuja Jumamosi na futi ya kupimia. Nikamuuliza, "Unapima nini?" Akasema, "Kitanda chako, mama, nione kama kitaingia kwenye ukumbi wetu." Nitalala ukumbini, wifi, karibu na televisheni, na wageni wakija nitatandikwa kitambaa. Nilitazama futi ile inavyotembea kwenye kitanda nilicholala na ndugu yako, nikatoka nje nikajifanya naanua nguo. Kwenye kamba hakukuwa na nguo.

Fomu imejazwa yote. Imekaa chini ya godoro. Mguu ndio unaonizuia, na jua, na foleni.

Umesema faili liko sawasawa. Umejuaje?

Wifi yako.


15 Septemba

Wifi,

Ofisi ya pensheni iko vituo vinne kutoka kwako. Wiki moja baada ya msiba ulikwenda sokoni kwa miguu kubishana bei ya ndoo. Mguu wako naujua.

Kuna nini?

Wifi yako.


4 Oktoba

Wifi,

Leo sina salamu, zigawe mwenyewe.

Unakumbuka ndugu yako alipokuwa bado anasoma mita za maji, tunakaa zile nyumba za idara? Siku moja alileta wenzake watano nyumbani. Bili ya maji ikaletwa, nikaipokea mlangoni, nikaishika kama mtu anayeisoma. Ndugu yako akawaambia wenzake, "Mtazameni mke wangu anavyosoma bili kichwa chini." Wakacheka. Na mimi nilicheka, nikawaongezea chai. Usiku sikulala hata kidogo.

Asubuhi nikavaa gauni la bluu, wakati ule lilikuwa linafunga, nikapanda basi hadi makao makuu ya idara yenu. Nilikaa roho juu nisije nikakutana na wewe kwenye ngazi. Nikaenda pale dirishani kwenye nondo, nikamwambia karani, "Nataka kufutwa kwenye karatasi za mume wangu. Andika kwamba mimi si mke wake tena, sitaki haki yake yoyote, akiwa hai wala akifa." Karani akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia mtu asiyejua kusoma ana hakika kuliko ninyi nyote. Akaandika kwa penseli, akapeleka ndani ikachapwe. Nilingoja kwenye benchi. Ikarudi imechapwa, nikawekewa kidau cha wino, nikabonyeza dole gumba kama mtu anayeua siafu.

Niliposhuka kwenye basi la kurudi, hasira ilikuwa imeisha. Wifi, iliisha kituo kimoja kabla ya nyumbani. Ningekaa mbali kidogo tu na idara ningekuwa nimepona kabla sijafika.

Sikumwambia. Nilingoja aambiwe ofisini. Hakusema neno, wiki, mwezi, mwaka. Nikajua amesoma, amenyamaza, ananitazama. Basi nikampikia miaka thelathini na moja kama mtu anayelipa faini. Mashati yake nilipiga pasi hadi kola ikakata mkate. Na wiki ile ile nikaanza kujifunza kusoma. Nilikuwa namwambia mwanao, "Soma kwa sauti nikukague," nami natazama kidole chake kinakopita. Mtoto akadhani mama yake ni mkali wa shule. Miaka sita, wifi. Siku niliposoma bili ya kwanza mbele ya ndugu yako, imesimama wima, alisema, "Mita imezidisha." Tangu siku hiyo kila bili aliiacha mezani nimsomee, na yeye msoma mita. Ndiyo msamaha aliokuwa nao, nikaupokea.

Sasa nambie niende pale dirishani, na mwanangu amenishika mkono, wafungue faili, wamsomee kwamba mama yake alimkana baba yake kwa ajili ya bili ya maji? Bora ukumbi. Bora televisheni.

Nimesema. Nicheke.

Wifi yako, kama bado ni wifi yako, maana kwa karatasi si wifi yako tangu siku ile.


22 Oktoba

Wifi,

Nimecheka. Halafu nimekaa. Halafu nikamwomba binti yangu chai, na binti yangu akauliza kwa nini nalia, nikamwambia ni miwani mipya.

Sasa na mimi nina jambo, nimekaa nalo miaka ile ile.

Karani wa dirishani alipoleta ile karatasi ya penseli kwenye chumba cha taipureta, tulikuwa wapiga chapa wanne. Ikaangukia kwangu. Nilisoma jina la ndugu yangu nikadhani amekufa. Nilipoimaliza nikaenda mlangoni, nikachungulia. Ulikuwa kwenye benchi, mkoba umeukumbatia, unatazama mbele kama mtu anayepigwa picha. Niliona jinsi ulivyokaza uso.

Nikarudi, nikaingiza karatasi safi, nikachapa barua nyingine. Ile ya penseli niliitafuna. Usiulize kwa nini sikuichana tu, nilikuwa na woga. Karani alikuwa ametoka kunywa chai, mwenzake akakupa barua yangu bila kuisoma, nawe ukaibonyeza. Katika miaka ishirini na sita ya kazi nilivunja kanuni siku hiyo tu, na nilimvunjia mtu asiyeweza kusoma, kwa hiyo sikuwahi kujisifu.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Mwanzoni niliogopa kazi yangu. Baadaye nikija kwenu namkuta ndugu yangu anavyolishwa, kola zake zinavyosimama, nikasema moyoni nikimwambia mkewe, ndugu yangu ataanza kula viporo. Sikujua kuwa ulikuwa unalipa faini. Faini hiyo hukudaiwa, wifi. Nisamehe, na ndugu yangu asamehewe alivyonenepa.

Na kwa nini niliichapa? Ungeondoka, angerudi kwangu. Nilikuwa na chumba kimoja na yeye anakoroma. Hiyo ndiyo sababu ninayotaka uiamini. Nyingine ni kwamba nilikuwa nimeshakuzoea.

Ndugu yangu hakunyamaza kwa hekima. Alinyamaza kwa sababu hakuwa na habari.

Sikwambii barua inasema nini. Unajua kusoma. Una hadi tarehe ishirini Novemba.

Wifi yako, kwa karatasi pia.


11 Novemba

Wifi mwizi,

Juzi nimekwenda. Gauni la bluu nililifunga kwa pini tatu na pumzi moja. Mwanao alinishika mkono kwenye ngazi, na njia nzima nilikuwa natafuta jinsi ya kumwambia, sikupata.

Foleni ilikuwa ya wajane watupu, tumekaa kwenye mabenchi kama harusi iliyokosa wanaume. Aliyekuwa mbele yangu aliambiwa amechelewa, arudi kwa kamati. Nilimwona anavyokunja karatasi zake. Nikashika mkoba.

Binti wa masjala akaleta faili limefungwa kamba, akalipiga mgongoni likatoa vumbi. Akafunua, akafunua, akasimama. "Bibi, hapa kuna barua yako ya zamani."

Mwanao akasema, "Barua gani, mama?"

"Barua ya ujinga," nikamwambia.

Binti akasema, "Nikusomee?"

"Nimeshasomewa vya kutosha na idara hii. Nipe."

Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza, kama mwanao alivyokuwa akifanya. Nikasoma kwa sauti ili asikie kila kitu, liwalo na liwe, maana hata mimi sikujua ninakokwenda:

"Mimi niliyeweka dole gumba hapa chini nathibitisha kwamba ndimi mke wa pekee wa mtumishi huyu, na kwamba nina haki zote za mke wake akiwa hai na baada ya hapo. Sina nia ya kumwacha, leo wala siku nyingine, hata akiniudhi. Natamka pia kwamba mume wangu ni mtu mwema, aliyelelewa vizuri na dada yake, ambaye namheshimu sana."

Pale mwisho nikasimama. Nikarudia. Binti akaniuliza, "Bibi, kuna neno gumu?"

Nikamwambia, "Gumu kabisa."

Wifi, nilipokuwa naomba kufutwa ulinifanya nikakusifu. Miaka thelathini na miwili serikali inajua kwamba nakuheshimu, na mimi sina habari.

Binti akasema barua ile inatosha, kwa kuwa ina muhuri wa idara na imekaa zaidi ya miaka ishirini bila mtu kuipinga. Nusu ya pensheni itaanza mwezi ujao, na miezi iliyopita watailipa pamoja, kwa sababu tumewahi kwa siku kumi na moja. Tulipofika chini ya ngazi mwanao akanisimamisha. Akasema, "Mama, ulimwandikia baba barua kama hiyo na hukutuambia?" Nikamwambia mambo mengine si ya watoto. Uongo wangu wa mwisho huo, uniachie. Futi amerudi nayo kwake. Kitanda kinabaki pale kilipo, na kofia kwenye msumari wake.

Nimesahau kukwambia cha kunicheka zaidi. Mwishoni binti alisema, "Weka sahihi hapa, bibi." Nikaomba kalamu. Wifi, miaka sita ya kumfuata mtoto kwa kidole, nikasema leo ndiyo leo, jina langu lote, kwa wino, pale palepale. Nikaandika herufi ya kwanza, nzuri, imesimama wima. Binti akanishika mkono taratibu.

"Bibi, samahani. Kwenye faili unajulikana kwa dole. Lazima zifanane."

Akaleta kidau. Mwanao alikuwa anatazama dari, mabega yanamtikisika. Nikabonyeza.

Wino wake bado uko kidoleni, sijaunawa. Mwanao alininunulia kidau kidogo njiani, anasema ni ukumbusho, mimi nasema ni dharau. Ndicho nilichokiweka hapa mezani. Sisaini jina, usije ukadhani ni mtu mwingine. Naweka dole hapa chini, na safari hii kila neno lililo juu yake nimelisoma mwenyewe. Lile la kukuheshimu liache lilivyo.